Kuogelea, Baiskeli na Mbio: Binti Yako Akitaka Kushindana

Leo nazungumza hasa na akina mama na walezi wa Nuu na vijiji vyote vinavyokizunguka kilima chetu, ingawa baba aliye karibu na redio asiondoke, kwa sababu yanamhusu pia.

Tuseme binti yako alimaliza kidato cha nne, akaenda Mombasa, akapata kazi. Siku moja anakupigia simu na kusema, "Mwaitu, nimejiandikisha kwa mashindano. Tutaogelea baharini, tupande baiskeli, halafu tukimbie." Unauliza kama ni siku tatu tofauti. Anakwambia la, ni asubuhi moja tu, bila kupumzika katikati. Hapo mama wengi wangekataa mara moja. Wengine wangekubali mara moja kwa sababu hawataki kuonekana washamba. Mimi naona majibu yote mawili yanatolewa mapema mno. Kwanza tujue mchezo wenyewe ni upi, na mwili unafanywa nini ndani yake.

Mchezo huu huitwa traiathloni, maana yake mashindano ya michezo mitatu kwa mfululizo. Ni mchezo mchanga. Ulianza kufanywa Marekani, katika mji wa San Diego, mwaka 1974, na ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, Australia. Hapa kwetu Kenya umekuwa ukifanyika Pwani, penye bahari, na washiriki wengi ni watu wa kawaida wenye kazi zao, wanaofanya mazoezi alfajiri au jioni.

Kuna masafa marefu ya kutisha, lakini ya wanaoanza ni mafupi. Katika yale yanayojulikana zaidi, mshiriki huogelea mita 750, huendesha baiskeli kilomita 20, kisha hukimbia kilomita 5. Yapo hata mafupi kuliko hayo, karibu nusu yake. Anayeshiriki mara ya kwanza anaweza kuchukua kama saa moja na nusu hadi saa mbili kumaliza yote.

Sasa yapime masafa hayo kwa maisha yetu. Kilomita 5 za mbio? Watoto wetu wengi huzitembea kwenda shule na kurudi. Ukambani tumewatoa wakimbiaji wakubwa: Cosmas Ndeti alishinda mbio za Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011. Kilomita 20 za baiskeli? Wako vijana hapa wanaosukuma pedali kwa mwendo kama huo huku wamebeba mitungi ya maji au gunia la ndengu. Kwa hiyo katika michezo hii mitatu, miwili iko nyumbani. Ni ule wa kwanza, wa majini, ambao mtoto wa Nuu huenda nao akiwa mgeni kabisa. Na ndio huohuo ambao huua.

Sisemi hivyo kukutisha. Watafiti wa Marekani walikusanya visa vya watu waliokufa au ambao mioyo yao ilisimama ghafula katika mashindano haya kati ya mwaka 1985 na 2016. Walipata visa 135, na 90 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea. Ukilinganisha na wingi wa watu walioshiriki katika miaka hiyo yote, idadi hiyo ni ndogo sana, na wengi wao walikuwa wanaume wa makamo. Lakini inatuonyesha mahali pa kuweka macho.

Hebu tumfuate mshiriki wa mara ya kwanza tuone yanayompata. Asubuhi wanasimama ufukoni kwa makundi. Filimbi inalia, wote wanaingia majini kwa pamoja. Huyu anapigwa teke la bahati mbaya begani, yule anamwagiwa maji usoni. Chumvi inawasha macho. Akitazama chini haoni sakafu, na akiinua kichwa anaona mawimbi tu. Moyo unakwenda mbio kabla hata hajachoka, pumzi inakuwa fupi fupi, kifua kinabana. Hii ndiyo hofu ya maji, na huwapata hata watu wanaojua kuogelea vizuri katika bwawa la hoteli. Aliyefundishwa anajua la kufanya: anageuka chali, anaelea, anavuta pumzi polepole, na akiona haitulii anainua mkono juu. Waokoaji walio kwenye mitumbwi humfuata. Kanuni za mchezo zinamruhusu kushika boya au mtumbwi uliosimama na kupumzika, mradi asiutumie kujisogeza mbele. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Asiyefundishwa hupambana na maji, na maji hayashindwi kwa nguvu.

Msikilizaji wa Nuu hahitaji kuelezwa nguvu ya maji. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likileta wanakwaya na watu wengine kwenye harusi huku kwetu lilisombwa na mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Nyumba nyingi za Mwingi na Nuu bado zina kiti kitupu tangu siku ile. Siwezi kusema kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Mafuriko yanayobeba gari zima hayamjali muogeleaji, na dawa yake ni moja tu: usiingie mto uliofurika, kwa miguu wala kwa gari, hata kama dereva anasema anaujua. Lakini siku ile pia tuliona jinsi sisi watu wa nchi kavu tulivyo wageni wa maji. Tunayatafuta mwaka mzima kwa punda na mitungi, na yakija tunayaogopa bila kuyajua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hawafi baharini. Wanafia kwenye vidimbwi, silanga, visima visivyofunikwa na mito ya msimu, karibu na nyumbani, wakati mama amegeuka kidogo tu. Kwa hiyo binti anayejifunza kuogelea kwa ajili ya mashindano anarudi nyumbani na ujuzi ambao kijiji kizima kinauhitaji. Mimi binafsi, hilo pekee lingenifanya nisikatae haraka.

Ila ajifunze vizuri. Ajifunze kwa mwalimu, katika bwawa la kuogelea lenye mwangalizi, si kwa rafiki anayesema "ruka tu, utajua mwenyewe." Mita 750 ni kama kuvuka bwawa la mita 25 mara 30. Mtu asiyeweza kuogelea masafa hayo bwawani bila kusimama hajawa tayari kwa bahari. Baada ya hapo ni lazima azoee bahari yenyewe kabla ya siku ya mashindano, pamoja na wenzake, kamwe si peke yake. Hata bingwa haogelei peke yake.

Na kwa yule aliyebaki huku kijijini, anayetaka kujifunza kwenye silanga: hapana. Maji yaliyosimama huwa na matope yanayoshika miguu, na kina chake hakionekani. Pia yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivi hupenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Kama mtoto wako tayari huogelea humo na anakojoa damu, au ana maumivu ya tumbo na choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo na inaponya.

Nakuomba sasa usikilize kwa makini, maana hili linaweza kukufaa leo hii hata kama hakuna anayeshindana nyumbani kwako. Ukimwona mtu anazama, usijitupe majini kama hujui kuokoa, kwa sababu tutakuja kuwazika wawili. Piga kelele upate watu. Mrushie kamba, tawi refu, leso zilizofungwa pamoja, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko, maana mtungi mtupu unaelea na mtu anaweza kuukumbatia. Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkandamize tumbo ili atapike maji, kwani unapoteza muda na unaweza kuyapeleka matapishi mapafuni. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, umpulizie pumzi mbili mdomoni hadi uone kifua kinapanda. Kisha weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu na kwa haraka mara 30, halafu pumzi mbili tena. Mwendo ni kama mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na kwa kichanga vidole gumba viwili. Endelea hadi apumue au msaada ufike, na hata akizinduka na kusema amepona, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Turudi kwa mshiriki wetu. Ametoka majini, anayumba kidogo, ni kawaida, kwa sababu alikuwa amelala na sasa amesimama ghafula. Anakimbilia mahali baiskeli zilipopangwa. Sheria inamtaka avae helmeti na kuifunga kabla hajaigusa baiskeli. Sheria hii naipenda sana. Natamani ingefika kwa vijana wetu wa bodaboda. Katika kilomita 20 hizi hatari kubwa ni kuanguka, kwa hiyo breki zikaguliwe siku iliyotangulia, na magurudumu yajazwe upepo. Baiskeli si lazima iwe ya bei kali. Katika mashindano mengi ya wanaoanza, yoyote iliyo nzima na yenye breki mbili inakubalika, lakini aulize waandalizi mapema.

Kwenye baiskeli ndipo pia anapaswa kuanza kunywa. Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nuu hulikosea. Anasema, "Mimi nimekulia kwenye jua, joto la Mombasa litanifanya nini?" Joto letu ni kavu. Jasho likitoka linakauka, na linapokauka mwili unapoa. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi ipasavyo ingawa nguo zimelowa. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto la namna hiyo. Anayetoka huku Ijumaa na kushindana Jumapili hajapata nafasi hiyo.

Kisha anashuka kwenye baiskeli aanze kukimbia, na miguu inakataa. Ni mizito kama imefungwa mawe ya kusagia. Kila anayefanya mchezo huu huipata hali hiyo, kwa sababu misuli iliyokuwa ikizungusha pedali imebadilishiwa kazi ghafula. Hupungua baada ya dakika chache akianza polepole. Ndiyo sababu katika mazoezi inafaa mara moja kwa wiki ashuke kwenye baiskeli na kukimbia hapo hapo, hata kama ni dakika kumi tu.

Hizi kilomita 5 za mwisho, zinazoonekana rahisi kwa mtu wetu, ndizo joto linapoonyesha meno. Akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, atembee, atafute kivuli, anywe. Lakini ukisikia mtu anasema maneno yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi, au mwili unawaka na hajui alipo, hiyo si uchovu. Ni kiharusi cha joto, na kinaua. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji baridi mwili mzima na kupepewa bila kuacha, huku gari likitafutwa. Mpoze kwanza, usafiri baadaye. Wala usimlazimishe kunywa kama hajitambui.

Anywe kiasi gani? Afuate kiu, anywe kidogo kidogo. Wako wanaodhani ukinywa maji mengi zaidi ndivyo unavyokuwa salama, wakanywa hadi chumvi ya damuni ikapungua mno, na hilo nalo huleta degedege na kifo. Kwa mashindano ya saa mbili, maji na kitu chenye sukari na chumvi kidogo vinatosha. Mama, wewe kinywaji hicho unakijua tayari: ni kile unachompa mtoto anayeharisha. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hakuna haja ya kununua chupa za rangi.

Kuhusu chakula, nimesikia watu wakisema mwanamichezo anahitaji vyakula vya dukani na unga wa mikebe. Nani aliwaambia? Muthokoi, isyo, ndengu, kunde, mbaazi, uji wa mtama au mawele, mayai, maziwa, embe la msimu, asali yetu ya Kitui: humo mna nguvu ya kukimbilia na cha kujengea misuli. Siku ya mashindano ale saa mbili au tatu kabla, chakula alichokizoea, kisicho na mafuta mengi. Maharagwe na ndengu aziache asubuhi hiyo, sababu mnaijua.

Lakini damu je? Wasichana na akina mama wengi wana upungufu wa damu bila kujua, kwa sababu ya hedhi, uzazi, malaria au minyoo. Mwenye damu kidogo huchoka upesi na moyo wake hupiga kwa kasi hata akipanda mlima mdogo. Kabla ya kuanza mazoezi makali, apimwe damu kituo cha afya, ni kipimo cha kawaida tu. Mboga za kunde, ndengu, maini na nyama zinasaidia, na zikiliwa pamoja na chungwa au embe madini yake huingia mwilini vizuri zaidi. Chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja. Najua hili ni gumu kwetu.

Jambo jingine ambalo binti anaweza kuona haya kulisema: hedhi. Msichana anayefanya mazoezi mengi huku anakula kidogo anaweza kukosa hedhi. Wengine hufurahi wakidhani wamepata nafuu. Si nafuu. Ni mwili unaofunga shughuli kwa kukosa chakula, na mifupa huanza kudhoofika kimyakimya. Akikosa miezi mitatu mfululizo na si mjamzito, amwone mhudumu wa afya na aongeze chakula. Muulize wewe kwa upole, usingoje aseme.

Na kama mshiriki mwenyewe ni mama? Inawezekana. Nicola Spirig wa Uswisi alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mchezo huu London mwaka 2012, akajifungua mwaka uliofuata, akarudi kuchukua medali ya fedha Rio mwaka 2016. Aliongeza watoto wawili, na katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 akamaliza wa sita akiwa mama wa watoto watatu. Ila huyo alikuwa na madaktari na wasaidizi. Wewe uliyejifungua anza na kutembea, uchunguzwe kliniki baada ya wiki sita, na mbio zingoje kama miezi mitatu. Ukiona mkojo unakutoka ukikimbia, au unahisi uzito unashuka ukeni, simamisha mbio ukaonyeshe. Kunyonyesha hakuzuii mazoezi, na maziwa hayachachi kifuani kwa sababu umekimbia. Mnyonyeshe mtoto kabla hujaondoka, ili matiti yasikuume njiani, na ule zaidi kwa sababu sasa unalisha watu wawili na baiskeli.

Kabla ya kumpa baraka zako, muulize binti maswali haya. Anaweza kuogelea mita 750 bila kusimama? Ameshaogelea baharini na kundi lake? Waandalizi wana mitumbwi ya waokoaji na gari la wagonjwa? Je, katika ukoo wenu yuko aliyekufa ghafula angali kijana, au yeye mwenyewe amewahi kuzirai au kuumwa na kifua akifanya kazi ngumu? Kama ndiyo, daktari amsikilize moyo kwanza. Mwenye kifafa asiingie majini bila ruhusa ya daktari. Mwenye pumu anaweza kushiriki, mradi ugonjwa umetulia na dawa yake ya kuvuta iko karibu. Aliye na homa siku hiyo abaki kitandani, hata kama amelipa.

Jibu la swali la kwanza likiwa "bado, lakini nitajaribu," basi aahirishe. Mashindano yatakuwepo mwakani. Wakati huo anaweza kushiriki mbio peke yake, na kwa hizo mwache aende leo leo.

Baada ya kumaliza, atembee dakika kumi asiketi ghafula, anywe, ale ndani ya saa moja au mbili. Misuli itauma siku mbili tatu, hiyo ni kawaida. Lakini kifua kikibana, pumzi ikikatika, kikohozi kisichokoma kikianza baada ya kumeza maji, au mkojo ukiwa na rangi kama kahawa, aende hospitali bila kungoja asubuhi.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutaeleza jinsi ya kufunika kisima na kuzungushia silanga ua wa miiba ili watoto wasitumbukie. Kama mna maswali, mwulizeni mhudumu wa afya wa kijijini kwenu.